Nati ya gari imegoma kufunguka? Hivi ndivyo vifaa vya kuwa navyo nyumbani

Ni saa kumi na moja alfajiri. Kuna mgonjwa wa kuwahishwa hospitali, na tairi la nyuma limekaa chini kabisa. Tairi la akiba lipo, jeki ipo, spana ipo. Nati nne zinafunguka. Ya tano inagoma. Dereva anasukuma, anakanyaga kwa mguu, spana inateleza, na kona za nati zinaanza kulika.

Hapo ndipo tairi la dakika 15 linageuka kuwa shughuli ya nusu siku.

Mara nyingi tatizo siyo udogo wa nguvu. Ni kifaa kisichofaa, au kifaa kizuri kilichotumika vibaya. Huu hapa mwongozo wa kuchagua vifaa vya kulegeza nati sugu nyumbani, kuanzia vya bei ndogo hadi vile vya kumwachia fundi.

Kwanza, kwa nini nati inagoma?

Kabla ya kununua chochote, jua unapambana na nini. Sababu kubwa ni hizi:

- Kutu. Maji na hewa vikikutana na chuma, kutu inajaa kwenye meno ya nati na kuyagandisha. Wanaoishi karibu na bahari, iwe Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar au Mombasa, wanalijua hili kwa sababu hewa ya chumvi huharakisha kutu. Magari yaliyotumika kutoka Uingereza au kaskazini mwa Japani nayo huweza kuja na kutu chini, kwa kuwa huko barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu.
- Kukazwa kupita kiasi. Fundi tairi anatumia mashine ya upepo, anabonyeza mpaka mashine inagonga, kisha anabonyeza tena "kwa usalama". Nati inakaa na nguvu ambayo spana ya kwenye buti haiwezi kuishinda.
- Chuma kukutana na alumini. Rimu nyingi za "spoti" ni za alumini. Alumini na chuma vikigusana penye unyevu, huliana na kushikana.
- Nati kuingizwa upande. Mtu alianza kuifunga bila kunyoosha, meno yakapishana, kisha akalazimisha. Hii ni mbaya kuliko zote, maana mara nyingi huishia kukata bolti.

Kutu inahitaji mafuta na muda. Nati iliyokazwa sana inahitaji mpini mrefu. Iliyoingia upande inahitaji subira, na wakati mwingine fundi.

Hesabu ndogo inayoeleza kila kitu

Nguvu ya kuzungusha nati hupimwa kwa Newton-mita, kwa kifupi Nm. Inategemea vitu viwili: unasukuma kwa nguvu kiasi gani, na mpini una urefu gani.

Toyota nyingi ndogo zinatakiwa nati za tairi zikazwe kwa 103 Nm. Sasa angalia mtu anayesukuma kwa uzito wa kilo 40:

- Spana ya sentimita 25: karibu 98 Nm
- Mpini wa sentimita 60: karibu 235 Nm
- Mpini wa mita moja: karibu 392 Nm

Umeona? Spana fupi ya kwenye buti haifikishi hata nguvu ambayo nati ilitakiwa kukazwa nayo. Ongeza kutu na mashine ya upepo, na unaelewa kwa nini mtu mzima anatoka jasho barabarani bila mafanikio.

Kwa hiyo, ukiwa na hela ya kifaa kimoja tu, nunua urefu.

Kifaa cha 1: Mpini mrefu na soketi ya pembe sita

Hiki ndicho kifaa cha kwanza kwa mwenye gari. Ni fimbo ya chuma isiyo na meno ya raketi, yenye kichwa kinachopinda na ncha ya mraba ya kushika soketi. Chagua yenye ncha ya nusu inchi na urefu wa sentimita 45 hadi 60. Ncha ndogo zaidi ya hapo ni za kazi nyepesi, na zinaweza kukatika.

Soketi ina umuhimu sawa na mpini. Ukitazama ndani, utakuta aina mbili: yenye pembe 6 na yenye pembe 12. Kwa nati sugu, chukua pembe 6. Inashika nati kwenye ubavu. Ya pembe 12 inashika karibu na kona, na kona ndizo zinazolika kwanza.

Kuhusu namba, usikisie. Haya ni makadirio ya kuanzia kwa nati za tairi:

- Toyota, Nissan, Mazda na Mitsubishi nyingi: namba 21
- Honda na Subaru nyingi: namba 19
- Volkswagen, BMW na Mercedes-Benz nyingi: namba 17, na hizi hutumia bolti badala ya nati

Kama gari limewahi kubadilishwa rimu, namba inaweza kuwa tofauti. Pima kabla ya siku ya dharura. Soketi ikicheza hata kidogo kwenye nati, siyo yake.

Kifaa cha 2: Spana ya msalaba

Hii ina ncha nne za namba tofauti. Faida yake ni kwamba unatumia mikono miwili: mmoja unavuta juu, mwingine unasukuma chini. Nguvu inakuwa sawa pande zote, na spana haichomoki kirahisi.

Haihitaji soketi za ziada na inakaa kwenye buti bila shida. Ubaya ni kwamba mikono yake siyo mirefu, na kwenye rimu zenye mashimo ya ndani sana ncha yake inaweza isifike. Ijaribu kwenye gari lako kwanza.

Kifaa cha 3: Bomba la chuma

Hii ndiyo mbinu ya mtaani: unachomeka bomba juu ya mpini wa spana ili kuongeza urefu. Inafanya kazi, na hesabu ya hapo juu inaonyesha kwa nini. Lakini ina masharti.

- Bomba liingie kwa kina, lisishike ncha tu ya mpini.
- Lisiwe na nyufa wala kutu iliyolila.
- Usichomeke kwenye raketi. Meno yake ya ndani yatapasuka.
- Ongeza nguvu taratibu. Usiruke wala kudundia juu yake.

Mpini ukianza kujikunja, simama. Chuma kikikatika ghafla wakati uzito wako wote uko juu yake, kinachofuata ni uso kwenye rimu.

Kifaa cha 4: Mafuta ya kupenya

Kama tatizo ni kutu, mafuta ndiyo mwanzo. Yale ya kopo la kupuliza yametengenezwa yawe mepesi ili yapenye kwenye upenyo mdogo kati ya meno.

Jina linalojulikana zaidi ni WD-40, iliyobuniwa Marekani mwaka 1953. Herufi zake zina maana ya kuondoa maji, na 40 ni idadi ya majaribio hadi ikapatikana. Kopo la kawaida husaidia kwenye kutu nyepesi. Kwa kutu nzito, tafuta lililoandikwa kwamba ni la kupenya au kulegeza kutu.

Kosa la wengi ni haraka. Wanapuliza, wanasubiri dakika moja, wanaanza kuvuta. Fanya hivi badala yake:

1. Sugua kutu ya juu kwa brashi ya waya ili mafuta yapate njia.
2. Puliza pale nati inapokutana na bolti.
3. Gonga nati kidogo kwa nyundo. Mtikisiko hufungua nyufa kwenye kutu na mafuta yanaingia.
4. Subiri angalau dakika 15 hadi 30. Ikiwezekana puliza jioni, rudia asubuhi.

Mafuta ya taa au dizeli hutumika pia, ila yanachukua muda zaidi na yanashika moto. Epuka mafuta ya breki, maana yanababua rangi ya gari.

Onyo moja muhimu: kwenye nati za tairi, puliza kidogo sana na kwa uangalifu. Mafuta yakifika kwenye diski au pedi za breki, gari halitashika breki inavyotakiwa. Yakimwagika huko, safisha diski kwa dawa ya kusafishia breki kabla ya kuendesha. Pedi zikilowa, zibadilishwe.

Kifaa cha 5: Nyundo

Nyundo nzito ya kilo moja au zaidi kidogo inafanya kazi ambayo misuli haiwezi. Mshituko huvunja kutu, wakati kuvuta taratibu kunaipinda bolti.

Ukishavisha soketi na mpini, unaweza kugonga mpini kwa mapigo mafupi kuelekea upande wa kufungua. Vaa miwani ya kazi. Usigonge bolti kwenye ncha ya meno, kwa sababu ukiivuruga ncha, nati haitatoka hata kama imeshalegea.

Kifaa cha 6: Mashine ya betri

Mashine za kufungulia nati zinazotumia betri zimesogea hadi kwa watumiaji wa nyumbani. Zinafanya kazi kama nyundo inayozunguka: ndani kuna uzito unaogonga mara nyingi kwa dakika, na mapigo hayo ndiyo yanayovunja ugumu.

Ukitaka kununua, angalia mambo matatu:

- Nguvu ya kufungua kwa Nm. Kwa nati za tairi za gari dogo, tafuta isiyopungua 300 Nm. Mashine ndogo za kufungia skrubu hazitoshi hata kama zinafanana kwa umbo.
- Ncha ya nusu inchi.
- Betri na chaja za kuaminika. Mashine bila betri ya ziada inaweza kukuangusha siku unayoihitaji.

Na hapa wengi wanaumia: tumia soketi maalumu za mashine, zile nyeusi zenye ukuta mnene. Soketi za kung'aa ni ngumu lakini hupasuka zikigongwa na mashine, na vipande vyake vinaruka.

Kwa mtu anayebadili tairi mara mbili kwa mwaka, mashine hii siyo lazima. Mpini mrefu unatosha.

Vifaa vya kuviacha pembeni

- Spana malaya. Ndivyo mafundi wengi wanavyoita spana ya kurekebisha mdomo. Inafaa kazi nyingi nyepesi, lakini taya yake inacheza. Kwenye nati sugu italegea na kula kona.
- Spana ya mdomo wazi. Inashika pande mbili tu za nati. Anza na soketi au spana ya ringi, mdomo wazi uje nati ikishalegea.
- Raketi. Ni ya kufungulia haraka baada ya nati kulegea. Siyo ya kuvunjia ugumu.
- Spana ya toki. Ile inayolia "tak" ukifikia kiwango. Ni ya kukazia tu. Ukiitumia kufungulia nati sugu, unaharibu kipimo chake.
- Koleo na plaizi. Zinakwaruza kona na kukuachia nati ya duara.

Hatua kwa hatua: kufungua nati sugu ya tairi

1. Egesha pa usawa na pagumu. Siyo kwenye mchanga, siyo kwenye mteremko. Vuta hendibreki, weka gia ya P, au gia ya kwanza kama ni manyuali. Zuia tairi la upande wa pili kwa jiwe kubwa au gogo.
2. Legeza kabla ya kuinua. Tairi likiwa chini haliwezi kuzunguka. Kuvuta kwa nguvu gari likiwa juu ya jeki ni njia rahisi ya kuliangusha.
3. Hakikisha upande. Nati nyingi hufunguka kinyume na mwendo wa saa. Tahadhari kwenye baadhi ya malori ya Kijapani: upande wa kushoto wa gari nati zinaweza kuwa za kinyume. Angalia ncha ya bolti au nati, kama kuna herufi L, basi inafunguka kwa kufuata mwendo wa saa.
4. Ingiza soketi mpaka mwisho. Ondoa matope na kofia ya plastiki kwanza.
5. Weka mpini ulale usawa wa ardhi, ukielekea kushoto kwako unapoitazama nati. Sasa unasukuma chini na uzito wa mwili unakusaidia. Tumia mikono, mgongo ukiwa umenyooka. Kukanyaga kwa mguu ndiko kunakotelezesha spana.
6. Ikigoma, ikaze kidogo kwanza. Inasikika ajabu, lakini msukumo mdogo wa kukaza huweza kuvunja kutu. Kisha rudi upande wa kufungua. Nenda rudi, nenda rudi.
7. Sikiliza. Mlio mkali wa "tak" ukifuatiwa na nati kuzunguka kwa ugumu ni habari njema. Ukihisi mpini unakuwa laini kama unapinda mpira, bolti inajikunja na iko karibu kukatika. Simama, ongeza mafuta, subiri.
8. Zilegeze zote nusu mzunguko tu, kisha inua gari kwenye sehemu iliyotengenezwa kwa jeki. Usiingize mwili chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Kwa kazi ya chini, weka stendi.

Kona zimeshalika. Sasa?

Usiendelee na soketi ileile, utamaliza kabisa. Jaribu kwa mpangilio huu:

- Soketi ya kutolea nati zilizolika. Ndani ina meno ya mzunguko yanayouma nati kadiri unavyofungua. Gonga kwa nyundo mpaka ikae, kisha tumia mpini mrefu. Nati hiyo haitumiki tena.
- Soketi ndogo kidogo. Ile inayokataa kuingia kwa mkono lakini inaingia kwa nyundo. Ni mbinu ya zamani na inafanya kazi. Tumia soketi ya bei ndogo, kwa sababu inaweza isitoke kwenye nati.
- Plaizi ya kujifunga. Inafaa kwa nati ndogo za bodi au mabano. Kwa nati ya tairi iliyojificha ndani ya rimu, haifiki.
- Kipasua nati au tindo. Unaipasua nati yenyewe na kuokoa bolti. Kwa sehemu zilizo wazi kama egzosi, ni njia nzuri.

Kama gari lina nati za kufuli, yaani zile za kuzuia wizi wa rimu, usianze kulazimisha. Tafuta ufunguo wake kwanza: kwenye boksi la dashibodi, kwenye mfuko wa jeki, au chini ya tairi la akiba. Wanaonunua magari yaliyotumika wanatakiwa kuuliza ufunguo huu siku ya kukabidhiwa gari.

Vipi kuhusu moto?

Moto unafanya kazi. Nati ikipashwa hutanuka, kutu inavunjika, na inalegea. Ndiyo maana mafundi wa egzosi hutumia gesi.

Lakini nyumbani, moto una mipaka mikali:

- Kamwe kwenye rimu yenye tairi. Tairi lililopashwa moto linaweza kulipuka, hata muda baada ya moto kuondolewa. Hii inaua.
- Usiwashe karibu na tangi, mabomba ya mafuta, bomba la breki au nyaya.
- Usiwashe baada ya kupuliza mafuta ya kupenya. Yanashika moto.
- Baadhi ya dawa za kusafishia breki zina klorini, na zikikutana na moto hutoa gesi yenye sumu kali.

Kama kazi imefika kwenye moto, mpelekee fundi mwenye gesi na uzoefu.

Siyo tairi tu

Nati sugu ziko sehemu nyingi, na kila moja ina tabia yake.

- Betri. Magari mengi ya Kijapani hutumia spana namba 10. Anza na upande hasi. Spana ikigusa chanya na bodi kwa pamoja, cheche zinaruka. Unga mweupe au wa kijani juu ya nati unayeyuka kwa maji ya moto yenye magadi ya kuokea.
- Bolti ya kumwagia oili. Toyota nyingi ni namba 14. Ukiwa umelala chini ya gari ni rahisi kuchanganya upande. Fikiria unaitazama bolti uso kwa uso, halafu zungusha kinyume na mwendo wa saa.
- Nati za mabomba ya breki. Ni laini na zinalika haraka. Zinahitaji spana ya ringi yenye mwanya ulioachwa kupitisha bomba. Ukikata bomba, gari halina breki.
- Plagi. Subiri injini ipoe kabisa. Plagi ikifunguliwa ya moto kwenye injini ya alumini inaweza kutoka na meno ya injini, na hapo gharama siyo ya plagi tena.

Wakati wa kusema "basi"

Kuna hatua ambayo kuendelea ni kuongeza bili. Acha na uite fundi kama:

- Bolti imekatika. Kwenye tairi, bolti moja ikikatika wengine hujisemea "zimebaki nne, twende". Nne hizo sasa zinabeba mzigo wa tano. Nenda taratibu hadi gereji ya karibu, siyo safari ya mkoani.
- Nati inazunguka lakini haitoki. Huenda bolti inazunguka nayo upande wa ndani.
- Nati ni ya usukani, breki au miguu ya gari, na huna uhakika na unachofanya.
- Umechoka na una hasira. Ajali nyingi za spana hutokea hapo.

Ukishafungua, usirudie kosa

Nati iliyogoma leo itagoma tena kama itafungwa vilevile. Safisha meno ya bolti kwa brashi ya waya. Nati iliyolika au yenye meno yaliyochoka, badilisha. Ni ya bei ndogo kuliko bolti mpya na kazi yake.

Anza kila nati kwa vidole, mizunguko mitatu au minne. Ikigoma kwa vidole, imeingia upande: toa, anza upya. Kisha kaza kwa mpangilio wa nyota, siyo kwa kufuatana, ili rimu ikae sawa.

Malizia na spana ya toki kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Magari mengi madogo yako kati ya 100 na 120 Nm. Nati zilizolegea zinaachia tairi barabarani, na zilizokazwa kupita kiasi zinavuta bolti mpaka ichoke.

Usipake grisi kwenye meno ya nati za tairi isipokuwa kitabu cha gari kimesema. Viwango hivyo huwa vimepangwa kwa meno makavu. Yakiwa na grisi, nati inakaza zaidi kuliko spana ya toki inavyoonyesha.

Kisha kagua tena baada ya kutembea kilomita 80 hadi 100.

Na ukienda kwa fundi tairi, mwombe amalizie kwa mkono badala ya mashine. Akikataa, ukifika nyumbani zilegeze na uzikaze upya kwa kiwango sahihi. Dakika 10 hizo ndizo zinazokuokoa siku pancha itakapokukuta usiku.

Kwa ufupi: cha kuweka kwenye buti

- Mpini wa nusu inchi, sentimita 45 hadi 60
- Soketi ya pembe 6 ya namba ya nati zako
- Ufunguo wa nati za kufuli, kama unazo
- Kopo dogo la mafuta ya kupenya na brashi ya waya
- Jeki inayofanya kazi na kitu cha kuzuia tairi
- Glovu, miwani ya kazi na tochi

Vinaenea kwenye mfuko mmoja. Chagua Jumamosi moja ambayo huna haraka, legeza nati zote za tairi moja baada ya nyingine, na uzikaze upya. Ukikuta moja imegoma, bora uijue ukiwa nyumbani, mchana, na simu ina chaji.